Mti Uliotandazwa Ukumbini

Kisiki kilikuwa bado kibichi. Mti tuliokuja kuukata ulikuwa umeshakatwa, tena na mtu anayejua kukata: chini kabisa, sawasawa kama meza, bila kupoteza mbao. Matawi yamepangwa pembeni. Utepe wa zambarau tulioufunga mwezi wa Juni ulifunguliwa kwa adabu ukatundikwa kwenye kichaka cha jirani, kama vile mtu kaokota kofia njiani akaiweka mahali mwenyewe ataiona.

"Delphine," Corinne aliniita, "mti wetu uko wapi?"

Nilikuwa nimeshamjua mwizi, na mwizi alikuwa mdogo wake mama yangu.

Corinne Pelkey ni mtaalamu wa wadudu, anafanya kazi idara ya misitu ya jimbo. Kwao ni kaskazini mwa Maine, kwa wakulima wa viazi wanaosema Kifaransa, na ana tabia ya watu wa huko: akikasirika hunyamaza. Mimi nikikasirika nasikika ng'ambo ya mto. Yeye analipwa na jimbo, mimi nalipwa na baraza letu la Wapassamaquoddy, wenyeji wa kale wa nchi hii, na kinamasi cha mti ule kimelala nusu kwao nusu kwetu, kwa hiyo ama tukitunze pamoja ama tukizike pamoja. Wapo waliocheka tulipoanza. Wazee wetu walisema jimbo halijawahi kuja kwetu mikono mitupu likaondoka mikono mitupu. Na kwao Corinne, nasikia, walimwambia atachoka kunywa chai kabla hajauona mti hata mmoja.

Chai ameinywa kweli, na miti ameiona. Maana tunaogopa kitu kimoja. Kuna mdudu wa kijani anayeng'aa kama hereni, kaja kutoka mbali ndani ya mbao za watu, naye hutaga mayai kwenye gome la mti tunaouita wikp. Buu lake hukaa chini ya gome, linatafuna vijia vya kujipindapinda kama nyayo za mlevi, mpaka mti unakufa kwa kiu huku mizizi imesimama majini. Na wikp ndio mti wetu wa vikapu. Mti mwingine ukiugonga kwa kisogo cha shoka unapata kelele na maumivu ya bega. Wikp ukiugonga unaachia mwaka wake mmoja wa kukua, unanyanyuka kwa urefu wa gogo zima, uchane laini unaoweza kuukunja kama utepe. Chini yake kuna mwaka mwingine. Mama yangu hajui kufuma kitu kingine na hataki kujua.

Mwaka uliotangulia mdudu alionekana kwenye kinamasi cha chini ya mto, na hicho kikafungwa. Kikabaki hiki kimoja. Kwa hiyo kila Juni mimi na Corinne tunachagua mti, tunauvua mkanda wa gome kiunoni na kuuacha uugue. Mti ulioumia hutoa harufu, na mdudu kama yupo huinusa akaja. Ndiyo maana tunauita mti wa mtego. Vuli ikifika tunaukata, tunaumenya wote, tunatazama. Ukiwa na vijia, mdudu kafika. Ukiwa safi, watu wanakata magogo yao ya majira ya baridi. Na kama hakuna mti wa kutazama, basi hakuna jibu, na bila jibu halitoki gogo hata moja mpaka vuli ya mwaka ujao. Kanuni hiyo niliipigania mimi mwenyewe mbele ya wafumaji wote, nikiwaambia afadhali tulale njaa ya mwaka mmoja kuliko kuwabebea wadudu kwa mikono yetu wenyewe.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya kisiki.

Tulimenya matawi kwanza, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo na kwa sababu hatukutaka kutazamana. Tulikaa kwenye matope na visu vyetu tukachuna kila tawi, na kila tawi lilikuwa safi. Nikamwambia Corinne, unaona. Akasema matawi yanasema kidogo, shina ndilo lenye habari. Halafu akanyamaza tena, na nikajua nimekwisha.

Nyumbani kwa Mjomba Alban hatukuhitaji kubisha hodi. Tangu barabarani tulisikia shoka lake, pwa, pwa, pwa, taratibu kama mtu asiye na deni duniani. Tulimkuta bandani amevaa aproni ya marehemu mke wake, gogo mbele yake limebaki jembamba, na kwenye misumari ya ukuta mafungu ya chane yamening'inia, kila fungu limefungwa kwa kamba yake.

"Karibuni," alisema bila kuacha kugonga. "Delphine, njoo uone mti. Miaka mingi sijapata mti wa namna hii."

"Mjomba, umeutoa wapi?"

"Kinamasini. Kuna mwendawazimu kauvua gome kiunoni akauacha ufe." Akamgeukia Corinne. "Samahani, Mama Wadudu. Sisemi ni watu wako. Lakini utepe ulikuwa wa rangi yenu."

"Ni mimi," nikasema. "Nimeuvua kwa mkono wangu."

Akaliweka shoka chini. "Wewe? Nani kakufundisha kuua mti hivyo? Si mimi, na dada yangu hawezi."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, na sina haja ya kurudia yote. Nilimweleza habari ya mtego, ya kanuni, ya mkutano alioketi safu ya mbele akitikisa kichwa kukubali kila neno. Nilipofika katikati aliinua kidole, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kifaa chake cha kusikilizia, akakiweka sikioni na kukiwasha. Ikabidi nianze upya. Mikutanoni hukizima. Anasema betri ni za mambo ya maana.

Alipoelewa, alikaa. Mjomba ni mtu mrefu, na akikaa anakaa kwa mafungu: magoti, kiuno, mabega. Alisema mti ule alikutana nao akitafuta uyoga. Aliona majani ya juu yameanza kukauka kabla ya wakati, akajua hautafika theluji.

"Wikp ukikaukia umesimama haugongeki tena," alisema. "Unakuwa kuni. Ningeuacha, Delphine? Wewe ungeuacha?"

Swali hilo lilinikata, maana jibu nalijua. Hakuna mtu wa kwetu aliyelelewa na chane angeupita mti wa namna ile, mnyoofu, unaokufa, akauacha uharibike. Ni kama kupita jikoni ukaona chungu kinaungua ukasema si changu. Tuliuweka mtego kwa ajili ya mdudu, tukasahau kwamba kijijini kuna kiumbe mwingine anayenusa wikp mgonjwa kutoka mbali.

Corinne ndiye aliyeuliza, kwa upole, gome liko wapi.

Mjomba alionyesha kwa midomo. Nyuma ya banda kuna kibanda chake cha kukaushia samaki, na kutoka kwenye paa lake moshi ulikuwa unapanda vizuri kabisa. Gome la mti wetu lote, kuanzia chini hadi juu, lilikuwa limeshakuwa harufu ya samaki.

Nilitoka nje. Naona aibu kusema lakini nililia, kwa hasira kwanza, halafu kwa woga. Nilimwona mama akinyoosha vidole vyake asubuhi mbele ya meza tupu. Niliwaona wafumaji wakinitazama ukumbini, wale niliowaambia tuwe na imani na jimbo, na jimbo likisema unaona, tuliwaamini wakaula ushahidi. Na kibaya kuliko vyote, tusingejua. Huenda mdudu alikuwa ameshaingia, tukalala mwaka mzima hatumjui, na mwaka mmoja kwa mdudu yule ni mwingi.

Niliporudi, Mjomba alikuwa anamshawishi Corinne. Si useme tu ulikuwa safi, alimwambia. Mimi nimeumenya mwenyewe kwa mikono hii na sikuona kitu.

"Ulikuwa unatafuta kitu?" Corinne akamuuliza.

Mjomba alifikiri. Ni mwongo hodari wa habari za samaki, lakini kuhusu wikp hasemi uongo. "Sikuwa natafuta," alisema. "Na jicho hili la kushoto lina ukungu."

"Basi siwezi, Mjomba Alban. Nikisema uongo leo na mdudu yupo, miaka michache ijayo hutakuwa na kitu cha kugonga. Wewe wala mwingine yeyote."

Corinne alimwita Mjomba, na hakuna aliyemwambia aache. Yeye mwenyewe nadhani hakujisikia. Alikuwa amekaa juu ya kigogo cha kupasulia kuni, mikono magotini, anatazama ukuta. Nikadhani anatafuta maneno ya kumwambia bosi wake. Kumbe anatazama misumari.

"Zipi zilitoka kwanza?" aliuliza.

Mjomba akamwonyesha fungu la mwanzo, lililokuwa karibu na mlango. Alimweleza kwamba yeye hachanganyi miaka; kila mwaka wa mti una msumari wake, maana kila mwaka una unene wake, na mfumaji akichanganyiwa analaani. Zile za kwanza ndizo nyeupe kuliko zote. Humwekea dada yake, asiyetaka rangi nyingine kwa makapu yake ya kifahari.

"Kwa hiyo hizi zilikuwa zimegusana na gome."

"Zimelalia gome maisha yao yote," Mjomba alisema.

Corinne alinitazama, nami nilikuwa nimeshasimama. Buu la mdudu yule halitafuni gome peke yake. Linapopita linakwaruza na mbao ya chini, na mkwaruzo ukishaingia kwenye mbao haufutiki. Kama mdudu alipita kwenye mti wetu, njia yake ilikuwa imeandikwa kwenye chane zile za kwanza, upande wa nje. Mjomba hakuupoteza mti. Aliuvua ngozi akaikunja vizuri na kuitundika msumarini.

Nikamwambia avue aproni, twende.

Nyumba yake haina sakafu ya kutosha, kwa hiyo tulikwenda ukumbini. Ilikuwa siku ya bingo. Nilisukuma meza ukutani, na wanawake wa bingo walipofika nikawaambia waende nyumbani. Hawakwenda. Walijipanga ukutani na mikoba yao wakiuliza kulikoni, na kwa kuwa sijui kunong'ona, wakajua kila kitu kwa dakika moja. Wafumaji walikuwa wengi kati yao. Hakuna aliyemtukana Mjomba, na kimya hicho kilimwumiza kuliko matusi. Alivua viatu mlangoni kama anaingia mahali patakatifu.

Alizitandaza mwenyewe. Alipiga magoti, akafungua fungu, akaweka uchane wa kwanza sakafuni upande wa nje ukitazama juu, halafu wa pili ubavuni mwake. Jicho la mti, alama ya tawi la zamani, lililoanzia kwenye uchane mmoja likamalizikia kwenye mwingine. Hakukosea hata mara moja. Kidogo kidogo mti ukajitokeza, umelala wazi, mweupe, kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa. Nimeishi na wikp tangu nazaliwa na sijawahi kuuona mti wote kwa mara moja, pande zote zikinitazama. Corinne alisema kazini kwao wanamenya vipande vipande na kuvitupa, na hata yeye hajawahi kuona hivi. Aliyasema haya kwa sauti ndogo, halafu akavua viatu naye.

Tulianza kutambaa. Corinne alishika upande wa chini na kioo chake cha kukuzia, mimi nikashika upande wa juu na tochi ya gari. Ukiinamisha mwanga, mkwaruzo mdogo kabisa unatoa kivuli. Magoti yaliuma. Nyuma yangu nilisikia bibi mmoja akimwambia mwenzake kwamba hajawahi kuniona nimenyamaza muda mrefu hivi, ni kama nimepigwa dawa ya usingizi. Sikumjibu. Hilo peke yake lingewaonyesha hali yangu.

Ndipo nilipouona. Katikati ya uchane, karibu na jicho la pili, kulikuwa na mfereji.

"Corinne," nikasema.

Alikuja kwa magoti. Ukumbi mzima ukasogea hatua moja. Aliweka kioo, akalala kifudifudi, pua karibu iguse mbao, akakaa hivyo. Alikaa. Mimi moyo ulikuwa unagonga kama shoka la Mjomba, na nilitamani nimshike mabega nimtikise, nimwambie sema basi, sema kafika tujue moja. Watu wa viazi hawana haraka.

"Angalia," alisema hatimaye. "Unaona mfereji mmoja katikati, na vijia vidogo vinatoka pande zote mbili? Kama tandu na miguu yake."

Niliona.

"Yule wa kijani hatembei hivi. Yule anajipinda, harudi nyuma, hana miguu. Huyu ni mdogo, mweusi, anakaa kwenye miti iliyochoka. Hajawahi kuua msitu wa mtu."

"Katoka wapi?" Mjomba aliuliza.

"Hakutoka popote. Ni wa hapa hapa. Siku zote alikuwa hapa."

Mjomba alikaa sawa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kabla ya babu yako kuja na viazi vyake?"

"Kabla ya babu yangu na viazi vyake."

"Basi huyo ni ndugu," Mjomba alisema. "Mwacheni ale."

Walicheka ukutani, kicheko kile cha watu waliokuwa wamebana pumzi, na mimi nilicheka nao. Lakini Corinne hakucheka. Alikuwa amefika ukingoni mwa ile ngozi na anatazama mahali ambapo jicho la mti lilikuwa limekatika nusu. Nusu nyingine haikuwepo. Aliuliza kama uchane mmoja umesahaulika bandani.

Mjomba akajikuna shingo. Haukusahaulika, alisema. Uchane wa kwanza kabisa alimpelekea dada yake juzi, bado una maji, ili auone na kumsifu.

Mama yangu alikuwa dirishani, kwenye kiti chake. Nyumba nzima ilinukia nyasi zenye harufu tamu anazosukia ukingo wa vikapu. Kapu lilikuwa mapajani mwake, kubwa, limekamilika mpaka mdomo, na nilipoliona tu nilijua uchane uko wapi: ulikuwa umezunguka tumbo la kapu mara nyingi, mweupe kuliko wenzake. Tulimweleza sote watatu kwa pamoja. Alisikiliza, akamtazama mdogo wake kwa muda, na Mjomba akatazama dari. Kisha akatutaka tukae tunywe chai.

Nikamwambia chai baadaye, Mama, kapu lifumuliwe.

"Halifumuliwi," alisema. "Kapu likishafungwa mdomo halifumuliwi. Hata kwa gavana."

Nilikuwa karibu kumkosea mama yangu adabu, na nashukuru Corinne aliwahi. Alimwuliza upande wa nje wa mti umegeukia wapi, ndani au nje ya kapu. Mama akamwambia ndani, bila shaka. Upande uliogusana na gome una ukali, nani ataugeuzia macho ya watu. Na aliukwangua? Hakuukwangua. Ndani hapakwanguliwi, kazi bure.

"Basi naomba niingie," Corinne alisema.

Mama alimpa kapu. Corinne alipiga magoti kwenye zulia, akawasha tochi, akaingiza mkono, halafu kichwa, halafu mabega kwa shida. Tukabaki tunaona mgongo wake na soksi zake zina matope ya kinamasi. Kidole chake kilifuata uchane taratibu. Tulikisikia kikipita juu ya mbao, kinapotea chini ya mwenzake, kinatokea tena. Sehemu zilizofichwa alizisukuma kwa ukucha ili zifunguke kidogo, na kila aliposukuma Mama aling'ata mdomo lakini hakusema kitu. Mjomba alikuwa ameshika mkono wangu. Sijui ni nani aliyeanza kuushika wa mwenzake.

Sauti ilitoka ndani ya kapu, haikueleweka.

"Kasemaje?" Mjomba aliuliza, akibonyeza kifaa chake. "Delphine, kasemaje?"

Corinne alijitoa. Nywele zilimsimama, uso mwekundu, na macho yamelowa.

"Safi," alisema. "Safi mpaka mwisho."

Nilikaa palepale sakafuni kama mtoto. Nilijisikia mwepesi mpaka nikaogopa. Corinne alianza kueleza, kwa sababu ni mtu wa kazi yake: kwamba hii haimaanishi hatakuja, inamaanisha mwaka huu mti huu ulimwita na hakuitika; kwamba Juni tutaweka mwingine, na mwingine; kwamba atawaambia kazini kwao waanze kutandaza mti badala ya kuumenya vipande, na Mjomba awaonyeshe, kama atakubali kuwasha kifaa chake. Nilimsikia kwa mbali. Mwaka mzima. Tumepewa mwaka mzima, na magogo yatatoka, na meza ya mama haitakaa tupu. Nilicheka nikalia, nikamkumbatia Corinne kwa shingo, na yeye asiyekumbatiwa akasimama wima kama mlingoti halafu akanikumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikalia.

Mama alilichukua kapu lake, akalichungulia ndani kuona kama limeharibiwa, akaridhika.

"Alban," aliita.

"Naam, dada."

"Kesho uniletee mti mwingine. Lakini safari hii uliza kwanza."

Mjomba alitutazama, mimi nimekaa sakafuni, Corinne amesimama na unyasi sikioni. "Nimuulize nani?" alisema. "Delphine au Mama Wadudu?"

"Wote wawili," Mama alisema, akivuta chai yake. "Na mti wenyewe."

Mjomba alivua kofia. Kwa miaka yake yote, nadhani hakuwahi kumwuliza mtu yeyote ruhusa ya mti, na ilionekana shingoni mwake jinsi neno lilivyopanda kwa taabu. Nilikuwa nimekusudia kumkomesha. Nilikuwa na hotuba nzima, nimeitunga tangu kwenye kisiki.

"Naomba mti," alisema, "wa dada yangu."

Nilitaka sauti yangu iwe kali, ikatoka imepasuka. Nikamwambia akachague anaoupenda. Corinne aliniinua kutoka sakafuni, akasema atakwenda naye asubuhi, kama Mjomba hatojali, maana angependa kuona mtu mwenye jicho moja la ukungu anachaguaje.

"Kwa kuugusa," Mjomba alisema, tayari amerudiwa na kiburi chake. "Vaa viatu vinavyofaa."